Tembo Nisilokunywa

Nimekana kwa zaidi ya miaka thelathini, na leo naacha kukana: alasiri ile ya Maulidi, kisiwani Chole, sikuwa nimelewa. Najua wengine huungama kinyume chake. Wao hukana ulevi mpaka wakaota mvi, kisha wakakiri. Mimi nilikiri ulevi nikiwa kijana ambaye ndevu zake bado zilihitaji kutafutwa, mbele ya mwalimu wangu na shangazi yangu, na tangu hapo kila aliyejaribu kunitetea nilimkatalia. Nilipokuwa chuo kikuu huko Misri niliwasimulia wenzangu kisa hicho mara nyingi, nikikitia chumvi kila mwaka, mpaka kibuyu kimoja kikawa viwili na mgema akawa na binti mzuri. Ukweli ni kwamba siku ile nilikuwa nimekunywa uji wa mtama na maji ya mtungi. Tembo sijalionja mpaka leo, isipokuwa ndani ya vitumbua, na huko tutafika.

Kilichonirudisha kwenye habari hii ni kifo cha shangazi huyo, Bi Zuwena. Taarifa ilinikuta Dar es Salaam, ambako nafundisha, na ambako naandika makala ndefu ambazo wahariri huzifupisha bila kuniuliza. Sikuwahi maziko, nikavuka kwenda Mafia, hadi Chole, kwa arobaini. Wakanipa chumba kilekile cha mbele nilichokaa mwaka ule, mwaka mmoja au miwili kabla ya vita vya Wajerumani na Waingereza, na kwa muda nilisimama mlangoni nikijiuliza ni nani aliyekipunguza. Nilikikumbuka chumba kikubwa, chenye kuta nene za mawe na dirisha dogo la juu, na harufu ya mbata iliyopenya kutoka ghala la jirani, ambako nazi kavu zilirundikwa zikingoja mnunuzi. Harufu ile ilikaa kwenye kanzu zangu, kwenye mto, kwenye kurasa za vitabu. Mpaka leo nikipita dukani penye mafuta ya nazi yaliyochacha, kichwani mwangu huanza kujipanga masomo ya nahau ya Kiarabu. Mbata hazipo tena. Ghala sasa ni banda la kuku, na kuku hawanikumbushi elimu yoyote.

Mwaka ule nilikuwa na mambo mawili tu ya kungojea, na yote mawili yalifungwa kwenye siku moja. Katika Maulidi ya mwezi wa Mfungo Sita ningepewa mlango mmoja wa kitabu nisome mbele ya wazee wa Chole. Nikisoma vizuri, mwalimu wangu, Maalim Haji, angenipeleka Unguja nikaendelee kwa masheikh anaowajua. Na nikisoma vizuri, shangazi angeruhusu posa yangu kwa binti yake, Rukia. La kwanza lilisemwa wazi, watu wakalijadili barazani. La pili halikusemwa kabisa, kwa hiyo kila mtu alilijua. Rukia alikuwa ameshawekwa ndani kama mabinti wa umri wake, na kati ya chumba changu na ukumbi wao palining'inia pazia la kaniki. Nilimjua kwa sauti: kijiko kikigonga sufuria, kikohozi cha moshi, na maneno aliyoyarusha upande wangu akijifanya anamwambia mama yake. "Mama, huyo msomaji wetu leo kasoma ukurasa mmoja tangu asubuhi. Au umeganda?" Nami nilimjibu kwa kusoma kwa sauti ya juu, mambo ambayo sikuyaelewa.

Hali yenyewe ilinijia kwa mara ya kwanza Ijumaa moja baada ya sala, Maalim alipokuja kula kwetu. Maalim Haji alikuwa mtu mfupi mwenye sauti ya mtu mrefu. Kati yetu paliwekwa sinia ya wali wa nazi, na juu yake samaki, changu mzima wa kupaka. Nilipotaka kumega, nikaona changu hana kichwa. Nikadhani Maalim amekiwahi, maana kichwa ndicho alichokipenda. Nikamtazama kwa hasira ya kimyakimya, nikaona na yeye hana mdomo. Palikuwa na kofia, palikuwa na macho, chini yake zikafuata ndevu, na katikati hapakuwa na giza wala ukungu, hapakuwa na kitu tu, na kutoka hapo pasipo na kitu ikatoka sauti: "Mbona huli?"

Kando ya pale pasipo na kitu kikazuka kimwanga. Kilikuwa mstari uliopindapinda, wenye meno kama ya msumeno, unaometameta kama dagaa wanapogeuka pamoja majini. Ukakua ukawa kama mundu, ukasogea taratibu upande wa kulia. Nilifumba macho, nikauona vilevile. Nikaziba jicho moja, upo. Nikaziba la pili, upo. Vidole vya mkono wangu wa kulia, vikiwa vimeshika tonge, vikafa ganzi, na ganzi ikapanda mpaka pembeni mwa midomo. Halafu yote yakaondoka kwa utaratibu uleule yaliyokuja nao. Changu akarudishiwa kichwa chake, Maalim akarudishiwa mdomo, nao ulikuwa unatafuna. Kichwa changu kilikuwa chepesi. Hakikuuma hata kidogo.

Sikumwambia mtu. Ningemwambia nini? Nilifanya walichofanya wanazuoni wote wasiojua kitu: nilipanga sababu. Kwanza nilidhani ni upofu unaanza, lakini kesho yake niliweza kumwona popo mmoja mmoja juu ya miti ya ng'ambo. Nikadhani ni jua, na mara ya pili hali ile ikanijia siku ya mvua. Nikadhani ni dhambi, nikazichunguza zangu, nikaona ni za kawaida mno kustahili mapambo kama yale. Nikadhani ni kusoma sana, na hapo hata mimi nilicheka.

Jambo linalonishangaza sasa ni kwamba mtu aliyekaribia kujua alikuwa anakula sinia moja na mimi. Maalim alikuwa na kipandauso. Kila baada ya muda kilimshika nusu ya uso, akajifunga kitambaa kipajini, akalala chumba chenye giza, na sisi wanafunzi tukapata siku ya kucheza, tukimwombea afya kwa midomo tu. Chole nzima ilikijua kipandauso na dawa zake: majani ya kubandika, chuku ya kuumika damu, kusomewa juu ya kichwa. Basi siku moja, Maalim alipokuwa ametoka tu kitandani, amepauka lakini ana uchangamfu wa mtu aliyefunguliwa kamba, nilijasiri.

"Maalim, kabla kichwa hakijaanza kuuma, macho yako huona nini?"

"Huona wanafunzi wavivu."

"Hayaoni mwanga?"

Akanitazama. "Mara nyingine huona kama vumbi linalong'aa juani. Kwa nini? Unaumwa kichwa?"

"Siumwi."

"Sasa mtu asiyeumwa ana kipandauso gani? Kipandauso ni maumivu, Nasoro. Ukiyatoa maumivu hakibaki kitu. Nenda kasome."

Nikaenda kusoma. Nimeutafakari mara nyingi ule usadikifu wake, nami sikumlaumu, kwa sababu hata mimi niliusadiki. Kwetu maumivu ndiyo ushahidi. Mtu akishika kichwa na kuguna, nyumba nzima husogea: huyu analeta maji, yule anafunga dirisha, watoto wanafukuzwa uani. Lakini mtu anayekaa kimya akitazama nusu ya dunia ikiondoka na kurudi, huyo haumwi. Huyo anazubaa. Nimezubaa hivyo mbele ya madarasa, mbele ya wakuu wa kazi, na mara moja mbele ya kadhi aliyekuwa ananiachanisha na mke wangu, naye kadhi akadhani nalia kwa ndani.

Sasa vitumbua. Shangazi alikuwa mcha Mungu ambaye jina la tembo halikutajwa nyumbani kwake, na sababu yake nitaieleza. Lakini vitumbua vya Maulidi haviumuki kwa ucha Mungu. Huumuka kwa tembo la mnazi, kidogo tu, likiwa bado tamu, linalotiwa kwenye unga wa mchele na kuachwa. Kila mwanamke wa Chole alijua, kila sheikh alikula, na hakuna aliyeuliza kwa nini vitumbua vya Bi Zuwena ni laini kuliko vya wengine. Kwa ajili ya kazi hiyo nilitumwa mimi. Asubuhi ya Maulidi nilikwenda kwa mgema nikiwa nimevaa kanzu yangu ya kusomea, kwa sababu nilitaka Rukia aichungulie kwa jicho moja kupitia pazia kabla watu wengine hawajaiona. Njiani tembo likachemka kibuyuni, likaumuka, likarusha kizibo, na karibu nusu yake ikanimwagikia kifuani. Niliosha kanzu kwa maji ya kisimani, nikaianika, nikaivaa mbichi. Rukia akasema upande wa pili wa pazia, "Mama, kuna mtu ananuka kama sherehe." Shangazi alikitikisa kibuyu sikioni, akasikia kilivyopungua, akalimimina kwenye unga. Unga wenyewe aliupa muda, ukaumuka vizuri. Vilikuwa vitumbua bora kuliko vyote nilivyopata kula.

Alasiri tukakaa barazani pa msikiti, ubani unafuka, wanawake nyuma ya ua wa makuti. Milango ikasomwa, watu wakaitikia, kitabu kikaja kwangu. Nilikifungua nikaona mstari una mwanzo na una mwisho, katikati hamna. Nikajua kinachokuja. Nikaona afadhali nisome kwa moyo, kwa kuwa mlango ule niliuhifadhi mpaka naota nao. Nikaanza vizuri, na nadhani sauti yangu ilikuwa nzuri, mpaka mundu ule wa moto ulipofika kulia na ganzi ikapanda mkononi. Hapo ulimi ukaacha kuwa wangu. Nilitaka neno nililolijua tangu utotoni, likatoka jingine. Nikarudi nyuma nikalitafuta tena, na mbele ya wazee wote wa Chole, kwa sauti ya kuvuta ya msomaji wa Maulidi, nikasema "mwiko." Mwiko wa kupakulia wali. Nikajaribu kujirekebisha, nikasema mwiko tena.

Nyuso zote za baraza zikanigeukia. Kisha aliyekaa jirani yangu akavuta pumzi puani, mara mbili, akamwegemea mwenzake. "Kijana kapitia kwa mgema," akasema. Haikuwa hata kwa ubaya. Alisema kama mtu anayetambua samaki. Maalim akanyoosha mkono, akachukua kitabu, akaendelea pale nilipoishia. Kabla mlango haujakwisha nilikuwa naona kila herufi na ningeweza kusema neno lolote la lugha mbili. Hakuna aliyeniuliza.

Baada ya magharibi Maalim akaja nyumbani. Nilikaa chumbani, kwenye harufu ya mbata, nikiwasikiliza ukumbini kupitia pazia.

"Bi Zuwena," alisema Maalim, "nieleze moja kati ya mawili. Ikiwa ni tembo, nitamtubisha, na Unguja atakwenda. Vijana wengi wameanguka wakainuka. Ikiwa si tembo, basi kichwani mwake mna kitu. Na mtu mwenye kitu kichwani siwezi kumpeleka kwa masheikh wa watu nikawaambia mpokeeni. Huyo ni wa kupungwa pepo kwa ngoma, hapa hapa, mpaka kitoke."

"Na kama ni kitu cha kupita tu?" aliuliza shangazi.

"Cha kupita kimetoka wapi?"

Shangazi akajisogeza kwenye mlango wa ndani. Nikasikia sauti ya Rukia, ya chini sana. "Mama, mwambie."

"Nyamaza wewe. Nikisema, watasema ni chetu," shangazi akanong'ona.

Nilidhani anaona haya ya vitumbua. Nilikuwa na akili nyingi wakati ule, na zote zilifanya kazi upande mmoja. Nilipiga hesabu hivi: mlevi hutubu ulevi ukaisha, lakini mwenye kitu kichwani hana pa kutubia. Mlevi aliyetubu anakwenda Unguja, anarudi na kilemba, anaoa. Mwenye kitu anapigiwa ngoma, na nani atampa binti? Upande mmoja niliona njia iliyofungwa, upande wa pili niliona aibu ya mwezi mmoja. Nikainuka, nikafungua pazia, nikasema, "Maalim, nilikunywa."

Maalim alishusha mabega kwa faraja. Nusura anishukuru. Shangazi alinitazama kwa muda mrefu, na nilichokiona usoni mwake sikukielewa. Sikuona hasira, niliona mtu aliyekuwa amenyoosha mkono gizani akagusa asichotarajia. "Ulikunywa?" akauliza. "Nilikunywa, shangazi." "Kibuyu kilikuja nusu," akasema, kama anayejiambia mwenyewe, akaondoka.

Asubuhi nilikuta uji mlangoni, umefunikwa. Upande wa pili wa pazia hapakuwa na kijiko wala kikohozi. Shangazi alikuja akasimama, hakukaa.

"Unguja utakwenda. Rukia hutampata."

"Shangazi, nimetubu. Maalim mwenyewe—"

"Mungu akupokee. Mimi si Mungu. Nimeishi na mlevi mmoja mpaka nikamzika, na mashamba aliyoyanywa unayaona kule ng'ambo yana watu wengine. Binti yangu hataishi na wa pili."

Ningeweza kusema ukweli pale. Nimejiona nikisema mara nyingi, kwa lugha fasaha kila mara. Lakini Maalim alikuwa ameshazungumza na nahodha wa jahazi la Unguja, na ukweli ungenirudisha kwenye ngoma na kunifungia Unguja. Nikajiambia nitarudi nikiwa mtu mzima, nitaeleza, atacheka. Nikaenda Unguja, vita vikaja, njia zikafungwa, na zilipofunguliwa Rukia alikuwa ameolewa kijijini Miburani na mtu mwenye minazi na tabia njema. Nikaendelea mpaka Misri. Kile kimwanga kilinifuata kote, bila maumivu, kikija kinapotaka, na nilipoulizwa mbona nimekatika katikati ya sentensi, nilijibu kwamba mimi ni mlevi wa zamani. Watu waliona ni mzaha wa msomi.

Siku ya arobaini, baada ya khitima, Rukia aliniletea kahawa kwenye chumba cha mbele. Sasa ni bibi wa watu, mpana, mwenye sauti ileile. Alikaa kwenye kibao, mlango wazi, wajukuu wakiingia na kutoka.

"Karibu, mlevi wetu," akasema. "Kahawa hii haina kitu, usiogope."

"Rukia, siku ile sikulewa."

Nilikuwa sijapanga kulisema. Nikamweleza yote, changu asiye na kichwa, Maalim asiye na mdomo, mundu wa moto, ganzi, mwiko. Nilimaliza nikingoja acheke. Alikuwa ameweka birika chini.

"Mama aliuita ushanga," akasema.

"Nini?"

"Ushanga wa moto. Tangu alipokuwa msichana. Alikuwa anapakua, mara anaweka mwiko, anakaa, anasema anapumzika. Baba alikufa hajui. Mimi nilijua kwa sababu siku moja aliniita kwa jina la mbuzi. Kichwa hakimuumi, hana kitu, baada ya kitambo anainuka anapakua. Aliogopa wangemfanyia ngoma wakasema kwetu kuna jini la kurithi, mabinti tusiolewe."

"Na siku ile?"

"Siku ile alikusikia kutoka nyuma ya makuti. Aliniambia, 'Huyu ana ushanga.' Alijua kabla Maalim hajakuchukulia kitabu. Alitaka useme mwenyewe umeona nini, ili Maalim asilisikie kwake. Kama ungesema, alikuwa tayari kukuozesha Mfungo uleule. Alisema mtu wa namna hiyo aishi na watu wanaoielewa." Akanyanyua birika. "Ukatoka umesimama kama liwali, ukasema umekunywa."

"Akaniamini?"

"Kibuyu kilikuwa nusu, Nasoro."

"Kilimwagika."

"Sasa ndiyo unasema."

Nikamuuliza kama na yeye huona. Alinimiminia kahawa nyingine. "Mimi nina wajukuu," akasema. "Sina nafasi ya kutazama taa." Na sijui kama hilo lilikuwa jibu.

Nilirudi Dar es Salaam nikiwa nimechanganyikiwa kuliko nilivyokuwa mwaka ule. Zamani nilikuwa na jambo moja nisilolijua. Sasa nilikuwa na jambo la watu wawili, labda watatu, lisilo na jina, na kwa usiku kadhaa nilishindwa kuamua kama ni afadhali lingekuwa jini. Jini lingekuwa na nia, na mwenye nia anaweza kulaumiwa. Nikaenda kwa daktari mmoja Mhindi anayewatibu walimu wenzangu. Akanipima macho, akanigonga magoti, akanitaka nichore nilichoona. Nilichora msumeno. Aliutazama mchoro kwa muda, akaniuliza maswali juu ya ganzi na maneno na kuhusu shangazi, akasema kuna mwenzake mzoefu zaidi anataka kumwonyesha, atanipigia simu.

Alipiga asubuhi, katikati ya kipindi. Nilikwenda kwenye simu ya ukutani ofisini nikiwa na chaki mkononi.

"Mwalimu, ni kipandauso," akasema.

"Daktari, nilikwambia kichwa hakiniumi."

"Umeniambia, na nimekusikia. Kuna watu kinawajia na maumivu, kuna watu kinawajia na mwanga kwanza kisha maumivu, na kuna watu kinawajia na mwanga peke yake. Macho, ganzi, maneno kupotea, kisha kwisha. Maumivu si lazima. Ni kitu kimoja."

"Si wazimu?"

"Si wazimu, si upofu, si hayo mengine uliyoona haya kuyataja. Mara nyingi hukaa katika ukoo. Kikibadilika namna yake, njoo. Kisipobadilika, kaa chini kingoje kipite, kama alivyofanya shangazi yako."

Nikasimama pale, chaki ikinivunjikia kidoleni. Nilimfikiria Maalim, amefungwa kitambaa kipajini, akinifukuza nikasome, sisi wawili tukiwa na ugonjwa mmoja na sinia moja kati yetu.

"Nikuulize na mimi," daktari akasema, kwa sauti ya mtu anayetaka kumaliza kwa mzaha. "Dawa ya kukiondoa hatuna hata leo. Ungelijua jina lake ukiwa kijana, lingekufaa nini?"

"Ningemwoa binamu yangu," nikasema.

Nikaipangusa chaki vidoleni. Kisha akauliza kama bado nipo. Nikamwambia nipo.